Nyumba Isiyo na Paa: Habari za Moore Hall katika Nchi ya Ayalandi

Katika mazungumzo yetu ya leo nataka kuwaeleza habari za nyumba moja kubwa iliyo katika nchi ya Ayalandi, kisiwa kilicho magharibi ya Uingereza. Nyumba hiyo jina lake ni Moore Hall. Leo ni gofu. Kuta zake za mawe zingali zimesimama, lakini paa hakuna, sakafu hakuna, na mahali pa madirisha pamebaki matundu tu. Mimea imeota mahali ambapo zamani wageni walikaribishwa kwa heshima.

Huenda mmoja wenu akauliza, “Gofu la nchi ya mbali lina faida gani kwetu?” Wazee wetu walisema, “Nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani.” Na sisi leo tutaufungua mlango wa nyumba hii, tuone ni nani aliyeijenga, ni kodi ya nani iliyoilisha, na ni kwa sababu gani ilitiwa moto, ijapokuwa wenyewe hawakuwa watu wabaya. Neno hilo la mwisho ndilo linalostahili kufikiriwa sana.

Ardhi na wenye ardhi

Yafaa kwanza tujue nchi ile ilikuwaje. Ayalandi ni nchi ya mvua nyingi na majani mabichi, nayo hutawanyikwa na maziwa mengi. Upande wa magharibi iko wilaya iitwayo Mayo, na katika wilaya hiyo liko ziwa dogo la Carra. Maji ya ziwa hilo yana rangi ya kijani kilichopauka, kwa kuwa chini yake mna chokaa tupu. Juu ya kilima cha Muckloon, kando ya ziwa hilo, ndipo ilipojengwa Moore Hall.

Katika karne ya 16 na ya 17 nchi hii ilipigwa vita vingi na Waingereza, na baada ya kila vita mashamba mengi yalinyang'anywa wenyeji wake wa asili, wakapewa watu wa upande ulioshinda. Washindi wengi walikuwa Waprotestanti. Wenyeji wengi walikuwa Wakatoliki. Kisha zikatungwa sheria kali. Mkatoliki hakuruhusiwa kununua ardhi, wala kupanga shamba kwa muda upitao miaka 31. Akifa, shamba lake lilipaswa kugawanywa kwa wanawe wote wa kiume, isipokuwa yule mkubwa akiingia Uprotestanti. Hapo angeweza kulichukua lote peke yake. Kwa njia hiyo ardhi iliyosalia mikononi mwa Wakatoliki ikazidi kupungua mwaka baada ya mwaka.

Basi ikawa nchi nzima imegawanywa kati ya makabaila wachache wenye maelfu ya eka, nao wakulima walikuwa wapangaji tu. Kila kabaila alijenga nyumba kubwa katikati ya ardhi yake, na watu wakaziita kwa jina moja, “Nyumba Kubwa.” Mpangaji aliishi katika kibanda cha mawe na udongo, akaezeka kwa majani. Wengi walipanga kwa mwaka mmoja mmoja tu. Mtu akiondoa mawe shambani, akachimba mifereji, au akajenga kibanda kilicho bora, thamani ya shamba iliongezeka, na mwenye ardhi aliweza kumpandishia kodi kwa ajili ya kazi ya mikono yake mwenyewe. Akishindwa kulipa, alifukuzwa, na kazi yake yote ikabaki kwa kabaila. Tazameni basi: mwenye bidii aliadhibiwa kwa bidii yake. Huo ndio uliokuwa ufa katika msingi wa kila Nyumba Kubwa, hata ile iliyojengwa kwa mawe yaliyo bora.

Mfanya biashara arudi kutoka Hispania

Aliyeijenga Moore Hall alikuwa George Moore, aliyezaliwa mwaka 1727. Kwa kuwa milango mingi ilifungwa kwa Wakatoliki katika nchi yake, alikwenda kutafuta riziki ng'ambo, katika bandari ya Alicante, nchi ya Hispania. Huko akafanya biashara ya mvinyo, akamwoa mwanamke Mkatoliki mwenye asili ya Kiayalandi, akapata utajiri mkubwa sana.

Zikaja sheria mpya mwaka 1778 na mwaka 1782, zikawalegezea Wakatoliki vifungo vyao, wakaweza tena kununua ardhi. George Moore akarudi kwao Mayo na fedha zake, akanunua eka kama 12,000. Akamwita fundi mkuu wa majengo, John Roberts wa mji wa Waterford, akamwagiza nyumba. Kazi ilianza mwaka 1792, ikamalizika mwaka 1795. Ilikuwa nyumba ya mawe ya kijivu, yenye orofa tatu na vyumba vya chini ya ardhi, uso wake umeelekea ziwa. Juu ya mlango pakachorwa maneno ya Kilatini ambayo maana yake ni hii: shujaa aweza kuanguka, lakini hawezi kusalimu amri.

Mwana aliyekuwa Rais

Maneno hayo hayakukaa muda mrefu kabla ya kujaribiwa. Mwaka 1798 watu wa Ayalandi waliinuka juu ya utawala wa Uingereza, na Wafaransa wakawaletea msaada. Mwezi wa Agosti jemadari wa Kifaransa, jina lake Humbert, alishuka pwani ya Mayo na askari kama 1,000. Wakulima wengi wakajiunga naye, wengine wakiwa na mikuki mikononi. Tarehe 27 Agosti walilishinda jeshi la Serikali katika mji wa Castlebar, na askari wengi wa Serikali wakakimbia mbio, hata wenyeji wakayaita mapigano yale “Mashindano ya Mbio ya Castlebar.”

Siku chache baadaye Humbert alimweka John Moore, mwana wa yule mfanya biashara, kuwa Rais wa Serikali ya jimbo la Connacht. John alikuwa kijana aliyesomea sheria. Urais wake haukufika hata wiki mbili. Tarehe 8 Septemba Humbert alizungukwa na jeshi kubwa mahali paitwapo Ballinamuck, akaweka silaha chini. Wafaransa walitendewa kama mateka wa vita, wakarudishwa kwao. Wakulima wa Ayalandi waliokuwa pamoja nao wakauawa kwa mamia.

John Moore alishikwa, akahukumiwa kupelekwa uhamishoni. Lakini kabla ya kusafirishwa aliugua, akafa katika mji wa Waterford mwezi wa Desemba, 1799. Mzee wake naye alifariki mwaka ule ule. Kaburi la kijana yule lilisahauliwa kwa miaka mingi, hata lilipogunduliwa, mifupa yake ikahamishwa mwaka 1961 na kuzikwa tena katika mji wa Castlebar kwa heshima za kijeshi.

Baada yake nyumba ilishikwa na ndugu yake, jina lake George kama baba yao. Huyu hakutaka vita wala siasa. Alijifungia katika maktaba yake, akasoma na kuandika vitabu vya historia, mpaka alipokufa mwaka 1840.

Njaa Kuu

Sasa tumefika penye moyo wa habari yetu. Nyumba ilikuwa mikononi mwa George Henry Moore, mjukuu wa yule mfanya biashara, aliyezaliwa mwaka 1810. Alikuwa kijana mwenye akili na ushujaa, naye alisafiri sana. Mwaka 1837 yeye na mwenzake, jina lake Beke, waliipima Bahari ya Chumvi katika nchi ya Palestina. Walitumia joto la maji yanayochemka, maana kila mahali palipo chini zaidi maji hutaka joto zaidi kidogo ili yachemke. Kwa njia hiyo wakatambua kwamba uso wa bahari ile uko chini sana kuliko uso wa bahari nyinginezo. Lakini aliporudi kwao, George Henry alipenda jambo moja kuliko yote, nalo ni mashindano ya farasi. Mdogo wake Augustus alikuwa na tamaa ile ile, akafa mwaka 1845 kwa kuangushwa na farasi katika mashindano huko Uingereza.

Mwaka huo huo wa 1845 ulitokea msiba uliozidi misiba yote. Maskini wa Ayalandi walikula viazi vya Kizungu karibu peke yake. Si kwamba hawakulima kitu kingine: walipanda nafaka, wakafuga nguruwe, lakini nafaka na nguruwe viliuzwa ili kupata kodi ya kabaila. Kilichobaki kwa tumbo kilikuwa viazi, kwa sababu eka moja tu ya viazi iliweza kulisha jamaa nzima sehemu kubwa ya mwaka. Mwanamume wa kazi alikula ratili 12 hata 14 kwa siku.

Basi ukaja ugonjwa wa mimea kutoka ng'ambo ya bahari, aina ya ukungu unaopeperushwa na upepo na kustawi katika unyevunyevu. Majani ya viazi yakawa meusi kwa siku chache, na viazi vilipochimbwa vilikuwa vimeoza na kunuka. Mwaka 1846 karibu mavuno yote ya nchi yaliharibika. Mwaka 1847 viazi vilivyopandwa vilikuwa vichache kwa kukosa mbegu, na mwaka 1848 ugonjwa ukarudi kwa nguvu. Nafaka ya Ayalandi iliendelea kupakiwa merikebuni kwenda Uingereza, maana maskini hawakuwa na fedha za kuinunua. Njaa ikafuatwa na homa na kuhara. Watu kama milioni moja wakafa, na wengine zaidi ya milioni moja wakaihama nchi, wengi wakaenda Marekani. Katika wilaya ya Mayo peke yake walihesabiwa watu karibu 389,000 mwaka 1841. Walipohesabiwa tena mwaka 1851 walikuwa karibu 274,000.

Makabaila walifanya nini? Wako waliojitahidi, na wako waliofumba macho. Wengine waliona njaa kuwa nafasi ya kuwaondoa wapangaji maskini na kufuga ng'ombe na kondoo mahali pao. Bwana mkubwa wa Castlebar, Lord Lucan, aliwafukuza watu wengi sana na kuvibomoa vibanda vyao, wakabaki barabarani katika mvua na baridi.

George Henry Moore hakufanya hivyo. Mwezi wa Mei, 1846, farasi wake aitwaye Coranna alishinda mashindano makubwa ya Chester, Uingereza. Moore alikuwa ameweka dau kubwa juu ya farasi huyo, akapata maelfu ya pauni. Mara alimwandikia mama yake kwamba sehemu ya fedha hiyo itolewe bila kukawia kwa ajili ya maskini wa mashamba yake. Mwaka 1847 alishirikiana na makabaila wengine wa Mayo kukodi meli iliyoleta unga kutoka Marekani. Watu wa pande zile wamehadithiana, mzazi kwa mtoto, ya kuwa katika ardhi ya Moore hakuna aliyefukuzwa wala aliyekufa kwa njaa wakati ule.

Hili lilikuwa tendo jema, nasi tusilipunguze thamani yake. Lakini tulifikirie vizuri. Uhai wa watu wale ulitegemea mambo mawili: mbio za farasi mmoja, na moyo wa bwana mmoja. Kama Coranna angejikwaa, kama nyumba ingalikuwa na mrithi mwingine, wangekuwa katika hali ile ile ya jirani zao waliolala barabarani. Mtu ambaye chakula chake hutegemea huruma ya mwingine, hata huruma hiyo ikiwa kubwa namna gani, bado hana ardhi iliyo imara chini ya miguu yake.

Wema peke yake hautoshi

George Henry mwenyewe alilijua jambo hilo. Aliingia Bunge mwaka 1847, na huko alitetea haki za wapangaji: kodi ya haki, na kinga kwa mtu asifukuzwe ovyo. Lakini wakati huo sheria hazikubadilika kwa kiasi cha kutosha. Na huu ndio uchungu wa habari yake: mwaka 1870 baadhi ya wapangaji wake walikataa kulipa kodi, wakaanza na vitisho. Akarudi Moore Hall kushughulika na mambo hayo, akafa ghafula tarehe 19 Aprili, 1870. Wapangaji wale hawakuwa wote watu wasio na shukrani. Miaka ishirini na zaidi ilikuwa imepita, watoto wa njaa walikuwa watu wazima, nao hawakutaka tena kungoja wema wa mtu. Walitaka haki iliyoandikwa.

Mwanawe wa kwanza, George Augustus, alizaliwa mwaka 1852. Alirithi ardhi yote akiwa na umri wa miaka 18, lakini moyo wake haukuwa katika mashamba. Mwaka 1873 alikwenda Paris kujifunza kuchora, akaishi na wachoraji na washairi. Mchoraji mashuhuri Manet aliichora sura yake. Na fedha za kukaa Paris zilitoka wapi? Zilitoka Mayo, kwa wapangaji. Kabaila wa namna hiyo, anayekula kodi ya ardhi asiyoikanyaga, alikuwa wa kawaida katika Ayalandi. Hapo ufa ulizidi kupanuka, maana zamani bwana na mpangaji walijuana kwa uso, hata kama hawakuwa sawa. Sasa mpangaji alimjua msimamizi tu, na bwana alikuwa jina lililoandikwa katika stakabadhi.

Mwaka 1879 mvua ilizidi, mavuno yakaharibika, na hofu ya njaa ikarudi. Mwezi wa Aprili mkutano mkubwa wa wakulima ulifanywa Irishtown, katika wilaya ile ile ya Mayo. Mwezi wa Agosti kikaundwa Chama cha Ardhi cha Mayo katika mji wa Castlebar. Kiongozi wake, Michael Davitt, alikuwa mtoto wa mpangaji wa Mayo aliyefukuzwa baada ya njaa. Walilotaka halikuwa sadaka. Walitaka kodi ishuke, asifukuzwe mtu, na mwishowe mkulima awe mwenyewe wa shamba lake.

Silaha yao kubwa ilionekana mwaka 1880 kando ya Ziwa Mask, karibu sana na Moore Hall. Huko aliishi Kapteni Charles Boycott, msimamizi wa ardhi ya kabaila mmoja. Alipotaka kuwafukuza wapangaji, jirani wote walimtenga: hakuna aliyemvunia, aliyemfulia, aliyemuuzia mkate, wala aliyemletea barua. Hakupigwa, alitengwa tu. Wavunaji 50 wakaletwa kutoka mbali, wakilindwa na askari wengi sana, na gharama ya kuwalinda ikapita mara nyingi thamani ya mavuno yenyewe. Boycott akaondoka, na jina lake likaingia katika lugha ya Kiingereza kuwa maana ya kususa na kumtenga mtu.

Kodi zilipokwama, George Augustus alilazimika kuondoka Paris. Akakaa London, akajifunza kuishi kwa kalamu yake, akawa mwandishi mkubwa wa hadithi. Kitabu chake kijulikanacho sana, Esther Waters, kilitolewa mwaka 1894. Katika maandishi yake hakuficha ya kwamba maisha ya makabaila, na yake mwenyewe pia, yalilishwa kwa jasho la wakulima.

Serikali nayo ilianza kuziba ufa kwa sheria. Sheria ya mwaka 1881 iliweka mahakama ya kukadiria kodi ya haki, ikamzuia kabaila asimfukuze ovyo mpangaji anayelipa. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1903, iliyo kubwa kuliko zote. Serikali ilimkopesha mpangaji bei ya shamba lake. Kabaila akalipwa fedha zake. Na mkulima akarudisha mkopo kidogo kidogo kila mwaka kwa muda wa miaka 68 na nusu. Malipo hayo mara nyingi yalikuwa madogo kuliko kodi ya zamani, tena yalikuwa na mwisho. Kwa njia hii, katika muda wa miaka michache, sehemu kubwa ya ardhi ya Ayalandi ilihama kutoka mikono ya wachache ikaingia mikononi mwa wale walioilima. Ardhi ya Moore Hall nayo ikagawanywa. Nyumba ikabaki juu ya kilima chake, bila mashamba ya kuilisha.

Moto

Nyumba ile ilipendwa zaidi na mdogo wa mwandishi, Kanali Maurice Moore. Huyu alikuwa askari wa jeshi la Uingereza, akapigana katika vita vya Afrika Kusini vilivyoanza mwaka 1899, na huko alichukizwa na mateso waliyotendewa Makaburu, akayasema. Aliporudi kwao aliitumikia lugha ya Kiayalandi na siasa ya kujitawala. Alikaa Moore Hall na jamaa yake kwa miaka kadha, lakini yeye na kaka yake wakagombana, hasa kwa ajili ya dini na malezi ya watoto, wakafarakana.

Baada ya vita vya kupigania uhuru vya mwaka 1919 mpaka 1921, mapatano yalifanywa na Uingereza mwezi wa Desemba, 1921. Watu wa Ayalandi wakagawanyika: wengine waliyakubali mapatano, wengine waliyakataa kwa kuwa hayakuleta uhuru kamili. Mwezi wa Juni, 1922, ndugu wakaanza kupigana na ndugu. Maurice Moore aliyakubali mapatano, akawa seneta katika Bunge jipya, na wapinzani waliazimia kuziteketeza nyumba za maseneta.

Tarehe 1 Februari, 1923, usiku, watu wenye silaha walifika Moore Hall, wakachukua funguo kwa mlinzi, wakaitia moto. Maktaba ya yule mwanahistoria, samani, na karatasi za vizazi vilivyopita, vyote viliteketea. Kulipokucha zilibaki kuta. Nyumba ya rais wa mwaka 1798, na ya mtu aliyewalisha wenye njaa mwaka 1847, ilichomwa na watu waliosema wanapigania Ayalandi. Haikuwa peke yake, maana kati ya mwaka 1920 na 1923 Nyumba Kubwa karibu 275 zilichomwa katika nchi ile.

Je, moto ule ulimpa nani shamba? Hakuna. Mashamba yalikuwa yamekwisha kugawanywa kwa sheria, bila kiberiti. Moto uliteketeza vitabu ambavyo leo watoto wa wakulima wale wale wangalivisoma. Lakini pia tusishangae kama kwamba moto ule ulitoka hewani. Hasira iliyowekwa akiba kwa miaka mia mbili haiulizi kwanza ni nani aliyekuwa mwema na nani mbaya. Huiona nyumba kubwa juu ya kilima, ikaona zote ni moja.

Gofu na kibao chake

George Augustus Moore alifariki London tarehe 21 Januari, 1933. Majivu yake yalirudishwa kwao, yakazikwa katika kisiwa kidogo cha Ziwa Carra, mkabala wa nyumba iliyoungua. Kanali Maurice alifariki mwaka 1939. Nyumba haikujengwa tena. Miti ilipandwa kuizunguka, ikawa msitu. Popo wa aina iliyo adimu wamefanya maskani katika majengo yale, nao hulindwa na sheria. Mwaka 2018 Halmashauri ya Wilaya ya Mayo iliinunua nyumba pamoja na ardhi iliyo kando yake, ili watu wote waweze kufika pale.

Na liko jambo moja ambalo mgeni asiyejua historia hushangaa akilisoma. Ukutani pamebandikwa kibao kilichowekwa mwaka 1964, kuiheshimu jamaa ya Moore kwa msaada waliowapa watu wakati wa njaa. Waliokiweka ni askari wazee wa kikosi cha Ballyglass, wa lile jeshi la IRA la zamani, jeshi ambalo liligawanyika mwaka 1922, na upande wake mmoja ndio uliotia moto nyumba. Miaka arobaini ilipopita, hasira ilikuwa imekwisha, nao wakaweza kusema mbele ya watu kwamba waliokaa humo walikuwa watu wema.

Ndugu wasikilizaji, methali yetu yasema, “Usipoziba ufa, utajenga ukuta.” Jamaa ya Moore walikuwa na ushujaa, elimu na huruma, na watu hawakuvisahau. Lakini ufa haukuwa katika tabia yao; ulikuwa katika sheria ya ardhi iliyowaweka maelfu chini ya mtu mmoja. Ulipozibwa ulikuwa umechelewa, na ukuta uliokwisha kubomoka haukupata wa kuujenga. Mwaka ule wa njaa fedha za Moore ziliokoa watu. Mwaka 1903 sheria iliwafanya wajukuu wa watu hao wasihitaji kuokolewa. Yote mawili ni mema. Lakini la kwanza lilikufa pamoja na mtu wake, na la pili lingali linaishi katika kila shamba dogo lililo kando ya ziwa lile.